Nyumba Isiyo na Namba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi na kopo la rangi nyeupe. Nilikuwa nimevaa buibui jipya, vyeti vyangu viko ndani ya bahasha, nikidhani nitaonyeshwa meza na kiti. Katibu wa Hospitali, mzee mfupi wa kutoka bara aliyefunga tai hata katika joto la Garissa, alinipeleka moja kwa moja wodini akanyooshea kidole safu ya vitanda.

"Binti, anza hapa," aliniambia. "Kila kitanda, kila kiti, kila ndoo, kipake namba. Serikali haioni kitu kisicho na namba."

Nilipaka. Buibui likapata madoa, wagonjwa wakanicheka, na nikamaliza wodi zote. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu ya kwanza katika utawala wa afya, na nawaambia ninyi vijana mnaoingia kazi hii mkiwa na kompyuta za kupakata: msiidharau. Watu wengi hudhani hospitali huendeshwa na madaktari. Daktari hutibu. Lakini kuna mtu lazima ahakikishe jenereta ina dizeli, wagonjwa wamepata uji, dawa zimetoka bohari kabla hazijaharibika, gari la wagonjwa lina magurudumu, na hata maiti ina mahali pa kuwekwa kwa heshima. Mtu huyo ni msimamizi. Mambo yakienda vizuri hakuna anayemjua, yakienda vibaya kila mtu anajua ofisi yake ilipo.

Somo la pili Katibu alinipa tukinywa chai. "Kazi yetu sisi," alisema, "ni kusema hapana kwa adabu."

"Na ndiyo, mzee, husemwa na nani?"

Aliweka kikombe chini akanitazama. "Wewe utatusumbua," akasema.

Niliwasumbua, na sijuti hata kidogo.

Nilikaa chini ya Katibu yule miaka mingi, nikajifunza mambo yanayochosha kuyasimulia lakini ndiyo yanayoshikilia hospitali. Nilijifunza kibali cha matumizi, ile ruhusa ambayo bila hiyo huwezi kununua hata sindano. Nilijifunza bodi ya mali chakavu, kikao cha maofisa kinachoamua kwamba kitanda kilichovunjika kimevunjika kweli na sasa kinaweza kutupwa, maana mali ya serikali haitupwi na mtu mmoja kwa hasira zake. Wazee wa mji walipokuja ofisini walinipita wakitafuta mwenye ofisi. "Mwenye ofisi ni mimi," nilikuwa nawaambia kwa Kisomali, "kaeni." Wengine walikaa. Wengine walisimama mpaka wakachoka, halafu wakakaa.

Kisha nikapandishwa cheo na kutumwa kusimamia hospitali ndogo kwenye njia ya kuelekea Liboi, mahali ambapo wenyeji hupaita Ceel tu, yaani kisima. Wenzangu walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Mimi nilikwenda kushona mapazia ya ofisi yangu mpya.

Pale Ceel kulikuwa na nyumba ya kungojea. Nieleze kidogo. Mwanamke mjamzito akiwa na dalili za hatari, shinikizo la damu limepanda au mtoto amelala vibaya, na kwao ni malishoni mbali na barabara, hawezi kusubiri uchungu ndipo atafute gari. Anatakiwa aje mapema akae karibu na hospitali mpaka siku yake ifike. Ndiyo kazi ya nyumba ya kungojea. Yetu ilikuwa ya mawe na mabati, nzuri kwa picha, imejengwa ubavuni mwa lango ambapo wanaume walipanga foleni ya matibabu. Vitanda vilikuwa na namba. Ukutani kulikuwa na sheria: jamaa hawaruhusiwi kulala, moto hauruhusiwi, kupika hakuruhusiwi.

Wanawake walikuja, wakachungulia, wakaenda zao. Sista Mueni, muuguzi msimamizi wa wodi ya wazazi, aliwafuata hadi langoni akiwasihi. Katika ripoti tulitakiwa kuandika kwamba wamekataa huduma. Maneno hayo yalinikera wakati ule na yananikera mpaka leo.

Mmoja wao aliitwa Ubah. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, miguu imevimba, na Sista Mueni alipompima shinikizo alinijia ofisini uso umembadilika. "Huyu asiondoke," alisema. Ubah alijaribu. Alilala mle ndani usiku mmoja, na asubuhi alikuwa ameshaondoka na jamaa zake kwa mkokoteni wa punda. Alishikwa na kifafa cha mimba njiani. Yeye na mtoto wake walizikwa kando ya barabara ile ile.

Mama yake, Dahabo, alikuja ofisini kwangu baada ya matanga. Hakulia. Alikaa sakafuni, akakataa kiti, akaniuliza kwa Kisomali chetu, "Amina, wewe ulizaliwa katika nyumba ya mawe?"

"Ndiyo, habaryar," nilimjibu, nikimwita mama mdogo kama inavyotupasa. "Nilizaliwa Galbet, mjini Garissa."

"Basi hukuweza kujua. Mwanangu aliniambia kule ndani hewa ni ya kugawana. Wanaume wanampitia mlangoni. Mimi mama yake nikaambiwa nilale nje ya ukuta. Ubah hakukataa dawa zenu, abaayo, dada yangu. Alikataa nyumba yenu."

Nililia mimi, yeye akaningoja nimalize.

Siku chache baadaye alirudi na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na nyumba nzima. Ninyi msioijua aqal, ni nyumba ya kuhama: fito zilizopindwa, mikeka iliyosukwa, ngozi na kamba. Hufungwa mahali, na siku ya kuhama hufunguliwa ikapakiwa juu ya ngamia. Huitengeneza wanawake. Msichana anapoolewa, mama yake na shangazi zake humsukia mikeka ya nyumba yake, na tangu hapo nyumba ni mali yake, si ya mume. Mwanamke peke yake ndiye huifunga na ndiye huifungua. Mwanaume akigusa fito hizo kuziangusha huonekana amemfukuza mwanamke mbele ya watu, na hakuna atakayempa binti yake tena.

Ile iliyokuwa mkokotenini ilikuwa nyumba ya arusi ya Ubah.

"Nionyeshe upepo unatoka wapi," Dahabo alisema.

Katibu wangu wa zamani angeuliza namba. Angesema hapana, kwa adabu. Mimi nilisema ndiyo. Nikamwonyesha uwanja ulio nyuma ya wodi ya wazazi, mbali na lango, hatua chache tu kutoka mlango wa Sista Mueni. Wanawake wakaifunga asubuhi hiyo, wakiimba. Mimi nilisimama kando na funguo zangu mkononi, msichana wa mjini asiyejua kufunga hata fundo moja.

Habari ilikwenda malishoni haraka kuliko tangazo lolote la redio. Wanawake wakaanza kuja, na mama zao, na birika zao. Waliwasha moto wao nje, wakakaa, na Sista Mueni aliwapima kila asubuhi ndani ya aqal akiwa amevua viatu. Uchungu ulipowashika walitembea wenyewe hadi wodini. Wakaleta nyumba ya pili.

Kisha Mkurugenzi wa Afya akaja. Alikuwa mtoto wa Garissa kama mimi, mtu nadhifu, mwerevu, na sitamtaja jina kwa sababu ana wajukuu. Alikuja na mhandisi wa ujenzi wa kutoka bara na vibarua waliojazana nyuma ya gari. Wageni wafadhili walikuwa wanatarajiwa wiki ile. Alisimama mbele ya aqal akavua miwani.

"Amina, hii ni hospitali au ni boma la ngamia?"

"Ni hospitali, bwana Mkurugenzi. Ndiyo maana ina wagonjwa."

"Nyumba hii ni ya nani?"

"Si yangu," nilisema, na ilikuwa kweli. "Ni ya Dahabo. Iliyo kando ni ya mwenzake."

Alinivuta pembeni. Sauti yake ilishuka, na nakiri kwamba hakuwa anasema upuuzi. "Umri wangu wote," alisema, "nimehangaika watu wa Nairobi waache kutuona washamba. Nimepigania mawe, mabati, umeme. Wageni watakuja wapige picha ya kibanda cha ngozi nyuma ya wodi. Watasema sisi ndio hawa. Unanifanyia hivi kwa nini?"

"Mwache mgeni apige picha anayotaka," nilimwambia. "Mimi nimechoka kuandika kwamba wanawake wanakataa huduma. Ubah alikaa ndani ya picha yako nzuri, na tumemzika."

Aligeukia sheria. Akasema jengo halina ramani iliyoidhinishwa, kwa hiyo libomolewe. Hapo mafunzo ya Katibu yakanifaa. Nikamwambia kwamba ili nibomoe mali ya serikali nahitaji bodi ya mali chakavu, na bodi huuliza namba, na kitu hiki hakina namba. Si jengo. Ni mzigo wa mgonjwa, kama kikapu chake, na sheria zetu zinanitaka niutunze mzigo wa mgonjwa mpaka aende nyumbani.

Mhandisi alicheka, akajaribu kuficha kicheko chake kwa kukohoa. Mkurugenzi akawaamuru vibarua waanze.

Vibarua walikaa chini. Wote. Mkubwa wao, jamaa wa Wajir mwenye ndevu za hina, alimwambia mhandisi kwa Kiswahili ili asiwe na shaka: "Mhandisi, hii kasi mimi hafanyi. Hii nyumba ya mwanamke. Kama iko mwanaume hapa ya kufunja hii, mimi nataka ona yeye."

"Mnalipwa kufanya nini?" Mkurugenzi alifoka.

"Kubiga mawe, kuchimba mtaro. Mawe iko wapi? Nionyeshe mawe, nabiga sasa hifi."

Dahabo alitoka nje wakati huo, akawatazama wageni wake mmoja mmoja. Mhandisi, mtu wa adabu, alimwamkia shikamoo, akamweleza polepole kwamba kila nyumba lazima iwe na ramani. Dahabo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Blani iko," akasema kwa Kiswahili chake cha malishoni, akajigusa kichwani. "Mama yangu nabatia mimi. Mimi nabatia Ubah. Ubah nakufa. Sasa nataka nibatie wewe?"

Mkurugenzi alikwishaanza kukunja mikono ya shati, nikaona kwa hasira zake anaweza kufanya jambo ambalo asingeweza kulifuta tena Garissa nzima. Nikamkinga. "Umeamuru ziondoke," nilimwambia. "Zitaondoka. Wenyewe wataziondoa. Nenda kanywe chai."

Alipokuwa anakunywa chai, wanawake walifungua nyumba zao, wakapakia mkokotenini, wakapita langoni na vichwa juu, matumbo mbele, mmoja akimshika mwenzake mkono. Wakazifunga upya nje ya ua, zimeegemea ukuta wa hospitali. Mkurugenzi aliandika kwamba uwanja umesafishwa. Wageni wakaja, wakapiga picha ya nyumba ya mawe, wakaenda. Mavumbi ya magari yao hayajatua, nyumba zilikuwa zimesharudi nyuma ya wodi.

Mchezo huo tuliucheza mara nyingi. Mlinzi wa langoni akiona gari lenye bendera anapiga filimbi, na wanawake wanahama, wakicheka mno. Mnafikiri ilikuwa raha? Niliitwa Garissa nikaulizwa maswali kama mwizi. Niliandikiwa barua ya kujieleza, ile barua ambayo usipoijibu vizuri unapoteza kazi. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza kama nyumba za watu zinastahili kuhatarisha ya kwetu. Nilimwambia kwamba ndiyo, zinastahili, tukanuniana, kisha akanisaidia kuandika majibu.

Adhabu yangu ilikuwa uhamisho. Nilipelekwa hospitali nyingine upande wa Hagadera, mahali penye vumbi na mikokoteni ya punda isiyokwisha, wakitumaini nitatulia. Kumbe watu wa kuhama huwezi kuwatisha kwa kuwahamisha. Sijakaa vizuri, wanawake wawili walikuja ofisini. Walikuwa wamesikia. "Wewe ndiye Amina wa Ceel? Tuonyeshe upepo unatoka wapi." Nikawaonyesha. Nikahamishwa tena, upande wa Mandera, na kule nako wakaja. Kila waliponiadhibu, nyumba ilizaa. Mwishowe wakaniweka bohari kuu mjini, kuhesabu magodoro na glavu, mahali ambapo hakuna mwanamke wa kujifungua. Nilihesabu. Nilikuwa hodari wa kuhesabu.

Nikiwa bado bohari, ukaja waraka kutoka juu. Ulisema kwamba hospitali zote za maeneo ya wafugaji ziwe na nyumba za kungojea zinazoheshimu desturi za wenyeji. Waraka uliwasifu viongozi walioanzisha wazo hilo, Mkurugenzi akiwa wa kwanza. Niliusoma nimesimama kati ya magodoro, nikacheka mpaka karani wangu akaniletea maji. Halafu nikapandwa na hasira. Msidhani nilifurahi tu kwamba kazi inaendelea. Mimi si malaika. Nilitaka jina la Ubah liwemo, na halikuwemo.

Siku ya kustaafu waliniandalia sherehe, wakanipa chupa ya chai na saa ya ukutani. Mkurugenzi, mvi tele sasa, alitoa hotuba akasema nilikuwa mtumishi mtiifu. Niliomba kipaza sauti. Nikasema, "Bwana Mkurugenzi amekosea neno moja. Utiifu sikuwa nao. Kama watumishi watiifu wangepungua, mngezika wanawake wachache zaidi." Yeye alinitazama, kisha akapiga makofi, polepole, peke yake, na mimi mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania au ananikubalia. Nikakabidhi funguo zangu, nikarudi Galbet kufuga kuku.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Lakini mwaka huu, mvua zilipokatika, simu ililia. Ilikuwa Sista Mueni, ambaye aliolewa huko huko Ceel na hakurudi kwao tena. Aliniambia kwamba msimamizi mpya ametekeleza ule waraka. Amejenga nyumba mbili za simenti zenye umbo la aqal, duara, zimepakwa rangi, zina kibao cha uzinduzi. Ndani ni joto la tanuri. Mlango una kufuli na jamaa hawalali. Za zamani ameagiza ziondoke, wenyewe wameziondoa, na safari hii hazikurudi, maana Dahabo hana nguvu tena na wasichana waliobaki wanaogopa.

"Na wajawazito?" nilimuuliza.

"Wanachungulia," Sista Mueni alisema. "Wanaenda zao. Dahabo anakuita."

Nilipanda gari la asubuhi. Dahabo nilimkuta amelala kwenye mkeka nyumbani kwa mwanawe wa kiume, mwepesi kama mtoto, macho yale yale. Fito za Ubah zilikuwa zimepangwa kando yake, zimefungwa kamba. Nilimshika mkono. Nilimwambia nitazungumza na msimamizi, nitapiga simu, bado wapo watu wanaonijua Garissa.

"Maneno umeyasema miaka yote," alinijibu. "Vizuri umeyasema. Leo shika fito."

"Habaryar, mimi sijui."

"Ndiyo maana nimekuita ningali hai."

Wakambeba kwenye mkokoteni hadi nje ya ukuta wa hospitali, pale pale tulipokuwa tunahamia zamani, akakaa kivulini akaniamuru. Pinda. Si hivyo. Vuta. Mafundo yangu yalifunguka, wasichana wakaja kuchungulia, wakacheka, kisha mmoja akashika ncha ya kamba, na mwingine akashika mkeka. Mgongo uliniuma, viganja vikachubuka. Dahabo alinitukana kwa upendo mchana kutwa. Msichana mmoja mwenye tumbo kubwa, miguu imevimba, alikuwa amekaa juu ya kikapu chake kando ya barabara na mama yake, hawajui waende wapi. Hata paa halijakamilika, aliinuka akaingia, akajilaza.

Ndipo msimamizi mpya alipotoka langoni. Kijana safi, kalamu mfukoni, anatembea kama nilivyotembea mimi na kopo langu la rangi. Aliniona mwanamke mzee, vumbi mpaka kwenye nyusi, hakunijua.

"Mama, hapa hapajengwi," alisema, kwa adabu. "Nyumba hii ni ya nani?"

Swali hilo nimeulizwa na wakubwa wangapi, na kila mara nimejibu kwamba si yangu. Nilimtazama Dahabo. Nilimtazama msichana aliyelala ndani, mama yake akimpepea.

"Ni yangu," nikamwambia. "Nimeifunga mimi. Ukitaka ifunguliwe, mwambie mwenyewe, na mwenyewe amekataa."

Nikamgeuzia mgongo, nikaendelea kukaza fundo.